Yai Lililochoka Kungoja

Vijana wa maabara, siku mliponiaga kwa keki na saa ya ukutani, mmoja wenu aliniuliza ni kitu gani nilichowahi kukiona kwenye hadubini na sijakisahau mpaka leo. Nilisema ni minyoo, kwa sababu keki ilikuwa mdomoni na wakubwa walikuwa wamesimama karibu. Halikuwa jibu la kweli. Sasa nina wakati, na hiyo saa yenu inanikumbusha hivyo kila nikiitazama, kwa hiyo nimekaa niandike jibu lenyewe. Vyeo na mishahara sitavigusa. Viko kwenye faili, na anayevitaka anajua njia ya masjala.

Nilianza kazi Homa Bay muda mfupi baada ya Uhuru. Nilikuwa msichana wa kisiwa cha Takawiri, binti wa wavuvi Waadventista, na kioo pekee cha kukuza vitu nilichokijua kilikuwa kile cha mwalimu wetu wa sayansi, ambacho tulikitumia zaidi kuchomea nyasi. Hospitali ilikuwa ndogo, ya mabati, na maabara ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya stoo ya blanketi na chumba cha upasuaji. Siku ya kwanza nilivaa koti jeupe ambalo mama alilitia wanga na kulipiga pasi ya makaa mpaka likaweza kusimama bila mimi. Nilidhani nitaanza na damu, au labda na moyo wa mtu. Nikakabidhiwa trei ya vikopo vya choo.

Aliyenikabidhi alikuwa Bwana Pinto, Mgoa, yaani Mhindi mwenye asili ya Goa, mzaliwa wa Kisumu, mkuu wa maabara na mfanyakazi wake wa pekee mpaka nilipofika mimi. Alikuwa mfupi, mkimya, mwenye miwani miwili aliyoibadilisha kutegemea kama anatazama kioo au anatazama mtu.

"Heshima inaanzia hapa," aliniambia kwa Kiswahili chake cha dukani. "Wewe ukishindwa na choo, hiyo moyo utaona kwa picha tu."

Sikushindwa. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nikipima choo, mkojo, makohozi na damu, na wagonjwa wakaacha kuniita Awuor, wakanibandika jina la Nyar Remo, yaani binti wa damu. Akina mama walilitumia kunyamazishia watoto. Mchungaji wetu naye aliniita kando akaniuliza kama kushika choo cha watu siku ya Sabato ni kazi au ni tendo la huruma. Nilimjibu kwamba inategemea choo. Hakuniuliza tena.

Kilichobadilisha maisha yangu kilikuja kwenye sanduku la mbao kutoka Nairobi: mashine ya kukatia vipande vya mwili, ambayo hospitali moja kubwa ilikuwa imeitupa. Ninyi mna mashine zinazotia nta, zinakata na kupaka rangi huku mkinywa chai. Yetu ilikuwa na kisu kama cha kinyozi na mkono wa kuzungusha. Nyama ilifungwa ndani ya nta, ikakatwa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, mpaka mwanga ukapita ndani yake. Kisu kilinolewa kwa ngozi kila asubuhi. Bwana Pinto hakuniruhusu kukigusa mpaka nilipokwisha kujifunza kunoa, na kunoa peke yake kulinichukua msimu mzima wa mvua.

Aliyeitaka mashine ile alikuwa Daktari Moira, Mskoti aliyesomea upasuaji wa akina mama. Alijifunza Kiswahili Tanga kabla ya kuja kwetu, na alikisema vizuri kuliko sisi sote, jambo lililotuudhi kidogo. Alitaka akitoa uvimbe aweze kujua ni uvimbe wa namna gani bila kungoja majibu ya Nairobi, ambayo mara nyingine yalifika mgonjwa akiwa ameshazikwa. Kwa hiyo tulihitaji kujizoeza kukata ovari, vile vifuko viwili vya mayai ambavyo kila mwanamke anavyo ubavuni mwa mji wa mimba. Tulizipata za ng'ombe, kwenye kichinjio. Mchinjaji hakuelewa hospitali inazifanyia nini. Aliamini kwamba Wagoa wanazila, akawa anamchagulia Bwana Pinto zilizonona.

Siku moja mji wa mimba wa ng'ombe uliletwa na ndama ndani yake, jike, mkubwa kiasi cha paka. Bwana Pinto alimpasua pole pole, akatoa ovari zake, ndogo kuliko punje ya mahindi. Tukazitia nta, tukazikata, tukazipaka rangi. Akatazama kwanza yeye, kisha akaniachia kiti.

"Unaona nini?"

"Duara, Bwana Pinto. Duara nyingi sana, na kila moja iko na doa katikati."

"Hiyo ni mayai."

Nilimwambia haiwezekani, kwa sababu huyu ndama bado hajazaliwa. Nilifundishwa shuleni kwamba msichana hupata mayai akivunja ungo.

"Angalia kwanza," alisema. "Bisha baadaye."

Nikaangalia. Yalikuwa yamejipanga kwenye ukingo, yamebanana kama watu kanisani siku ya ubatizo. Bwana Pinto alivuta kiti, akanieleza jambo ambalo nimewaeleza wanafunzi kila mwaka tangu hapo, na kila mwaka ngozi yangu husisimka vilevile. Kiumbe wa kike hutengeneza mayai yake yote akiwa bado tumboni mwa mama yake, na baada ya hapo hana akiba nyingine anayoongezewa. Kila yai huanza hapo hapo kazi ya kugawanya kromosomu zake ili libaki na nusu. Kromosomu hushikana jozi jozi, mkono kwa mkono, kazi hufika katikati, kisha husimama. Yai halifi wala haliendelei. Hukaa hivyo hivyo, limeshika kazi yake mkononi, miaka kumi na mitano, thelathini, hata arobaini. Ikifika zamu yake ya mwezi, ndipo lile moja linaamka na kuendelea pale lilipoachia. Mengi sana hufa yakingoja.

"Kwa nini isimame?" nilimuuliza. "Si ingemaliza tu?"

"Ikimaliza yote siku moja, inakufa yote siku moja. Mtoto wa kike angezaliwa tasa." Akabadilisha miwani ili anitazame. "Na sikia hii. Watu wametoa yai ya mnyama kwa nyumba yake, wakaweka kwa kioo. Ikaendelea yenyewe. Hakuna mtu ameiambia. Kumbe haijalala. Ni majirani wanaishika."

Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi wataalamu walivyogundua kwamba zile seli zinazolizunguka yai hulipelekea ujumbe bila kukoma, zikiliambia ngoja, ngoja, na siku ujumbe ukikatika ndipo linaondoka. Nilisoma nikiwa mtu mzima mwenye cheti, lakini moyo uliopokea habari ile ulikuwa wa yule msichana wa kwenye kiti. Nilirudi nyumbani jioni ile sijui nimekanyaga wapi. Nilikuwa nikimwaza nyanya yangu, dani, aliyembeba mama yangu tumboni mwake kisiwani Takawiri. Yai lililokuja kuwa mimi lilikuwa tayari ndani ya mama, na mama ndani ya dani. Dani alikuwa akiinama kupalilia mtama naye amenibeba. Niliogopa, na niliona fahari, na sikuwa na mtu wa kumwambia asiyedhani nimeugua malaria.

Sasa nifike kwa Boke.

Alikuja kwa basi la Isebania, mwanamke wa Kikuria kutoka upande wa Kehancha, umri wake miaka thelathini na kidogo, tumbo limemtoka kama mwenye mimba kubwa. Mimba haikuwepo. Alikuwa na uvimbe. Miaka ya nyuma, hospitali nyingine ilimtoa ovari ya kulia iliyokuwa imejisokota. Uvimbe huu mpya ulikuwa kwenye ya kushoto, ile pekee iliyobaki, na Boke hakuwa na mtoto hata mmoja. Aliandamana na mama mzee mwembamba aliyeitwa Gati, mwenye masikio yaliyotogwa makubwa na macho yasiyopepesa. Tulimwandika kuwa mama mkwe. Alikaa kwenye benchi la nje ya wadi, na hapo ndipo alipokuwa akila chakula chake na kusinzia.

Daktari Moira hakutaka kukawia. Lakini kanuni za wakati ule zilitaka mume wa mgonjwa akubali kwanza, hasa kwa upasuaji unaoweza kumwacha mke bila uzazi. Boke alipoulizwa mume wake yuko wapi, alisema, "Yuko nyumbani." Alipoulizwa atakuja lini, alitazama chini. Sisi Wajaluo wa ofisini tukaelewa tulivyozoea kuelewa, kwamba bwana ni mlevi au amemsusa. Mimi mwenyewe nilipendekeza tumwite kwa nguvu ya serikali. Tukampa kondakta wa basi ujumbe kwa naibu wa chifu: mume wa Boke aletwe haraka, mke wake yuko hatarini.

Siku zikapita. Boke alianza kutapika, na maumivu yakawa hayamwachi. Hatimaye kondakta akarudi, akasimama mlangoni mwa ofisi akijikuna kisogo.

"Naibu amesema huyo mwanaume hajazaliwa," alisema. "Anauliza nyinyi mnamtafuta wapi."

Karani alimwambia aende akalale pombe imtoke. Mimi nikatoka nje, nikaketi benchini karibu na Gati. Nilimsalimu, nikamuuliza kwa heshima zote bwana wa Boke ni nani.

"Ni kijana yangu," alisema.

"Yuko wapi, mama?"

"Sikumzaa." Alisema hivyo kama mtu anayesema kijana ameenda shamba. "Mungu alinipa wasichana tu. Nikaoza hao wasichana, nikapata ng'ombe, na hiyo ng'ombe nikamuolea kijana yangu bibi. Hii Boke ni bibi ya kijana yangu. Akizaa na mwanaume ambaye nyumba imekubali, hiyo watoto si ya huyo mwanaume, ni ya kijana yangu, na nyumba yangu inasimama. Kwetu ni sheria. Nyinyi hamna?"

Nilisema hatuna. Alinitazama kwa huruma. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia siku zote hizo. Alisema hakuna mtu aliyemuuliza, na kweli hakuna aliyemuuliza. Tulituma ujumbe kilomita zote zile na kumbe mwenye jibu alikuwa amekaa mita chache kutoka kwenye meza ya karani.

Daktari Moira alipoelezwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Tanga, "Basi mwenye nyumba na aje akubali kwa niaba ya mwanawe." Gati akaweka dole gumba kwenye wino bila wasiwasi wowote. Karani ndiye aliyetoka jasho.

Jioni ile nilikwenda kumtoa Boke damu ya kupima kabla ya upasuaji. Alinishika mkono kabla sijatoa sindano.

"Dada, mkitoa yote, niambie mimi kwanza. Mama asijue mbele yangu."

"Atakufukuza?"

"Yeye si mbaya. Lakini bibi ambaye hazai, ng'ombe zake zinarudi. Na zile ng'ombe ndugu yangu ameoa nazo. Ako na watoto watatu. Zikitoka, bibi yake pia anarudi kwao." Aliuachia mkono wangu. "Mimi nikikosa, ni nyumba mbili zinavunjika. Nataka nijipange kabla ya watu kuanza kulia."

Nilimwahidi. Nilirudi maabara nimebeba chupa moja ya damu, na ilikuwa nzito kuliko trei zote za siku yangu ya kwanza.

Asubuhi yake tulijiandaa kwa njia ya haraka, ile ya kugandisha, kwa sababu nta huchukua siku na tumbo la mtu haliwezi kuachwa wazi likingoja. Tulikuwa na mtungi wa gesi tulioazima kiwanda cha soda cha Kisumu, gesi ile ile inayotia povu kwenye chupa. Ukiifungulia ghafla chini ya kipande cha nyama, nyama hugeuka nyeupe na kuwa ngumu kama jiwe, na una nafasi fupi ya kuikata kabla joto la Homa Bay halijaidai. Mikono ya Bwana Pinto ilikuwa imeanza kutetemeka kwa uzee. Macho yake yalikuwa mazima. Tukakubaliana mimi nikate, yeye asome.

Kati yetu na chumba cha upasuaji kulikuwa na kidirisha. Nilisikia sauti ya bakuli, kisha sista wa upasuaji akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta. "Juok," alisema, yaani uchawi. Daktari alikuwa amepasua uvimbe ndani ya bakuli. Ndani yake mlikuwa na mafuta, fundo la nywele nyeusi ndefu, na jino. Jino zima, jeupe, la mtu.

"Sista, kamata bakuli," alisema Daktari Moira, bila kupandisha sauti. Kisha akaleta vipande viwili kwenye kidirisha. "Bwana Pinto, Awuor, nijibuni mawili. Hiki kigumu kimetoka ukutani mwa uvimbe: je, ni saratani? Na huu ni ukingo wa ovari yenyewe, umevutwa ukawa kama karatasi. Je, una kitu ndani, au ni ngozi tupu? Kama ni saratani natoa vyote. Kama ni ngozi tupu pia natoa vyote, nisimwachie balaa la bure."

Kipande cha kwanza kiliraruka. Cha pili kikayeyuka kwenye kisu. Bwana Pinto alisema nipumue, nikagundua kwamba nilikuwa nimeacha. Cha tatu kilikaa. Nikakiogesha, nikakinasa kwa fimbo ya kioo, nikakitia rangi ya buluu, nikampa. Alitazama muda mrefu, akisogeza huku na huku, akibadilisha lenzi.

"Si saratani," alisema. "Ngozi, vinyweleo, mafuta, mfupa kidogo. Yote mahali si pake, lakini yote tabia njema."

Nikakata ukingo. Huo alinipa niutazame mimi kwanza, sijui kwa nini. Nikaona nyuzi tupu. Nikasogeza: nyuzi. Nikasogeza tena, nyuzi na damu kidogo, na niliona nyumba mbili zikivunjika chini ya kioo changu. Nikakumbuka wapi yalipokaa yale ya ndama. Nikaenda ukingoni kabisa, chini tu ya ngozi ya nje.

Yalikuwepo. Moja, kisha mawili pamoja, kisha kundi, madogo, ya mviringo, kila moja na doa lake katikati na majirani zake bapa wamelizunguka. Uvimbe ulikuwa umeyasukuma na kuyabana kwa miaka, na yenyewe yalikuwa yametulia, yameshika kazi ile ile iliyosimama kabla Boke hajazaliwa. Yalikuwa na umri kumzidi yeye mwenyewe, kwa miezi michache. Machozi yalinitoka yakaingia kwenye lenzi, kosa ambalo ningemgombeza yeyote kati yenu.

Bwana Pinto alitazama, akaitikia kwa kichwa. Daktari naye akaja, mikono yenye glavu ameificha nyuma asiguse kitu, akainama akatazama. "Mungu wangu," alisema kwa lugha ya kwao, ndivyo nilivyoelewa. Kisha akarudi ndani na kuushona ule ukingo pole pole. Alichomwachia Boke hakikuzidi ganda la haragwe.

Nilikaa karibu na kitanda mpaka dawa ya usingizi ilipoanza kumtoka. Alifungua macho, akanitafuta.

"Imebaki?"

"Imebaki kidogo, dada. Kama ganda la haragwe."

"Ganda inatosha?"

"Sijui kama inatosha. Lakini mayai yamo. Nimeyaona na macho yangu."

Aligeukia ukutani akalia bila sauti, mabega yakimtikisika. Nilimshika mguu juu ya blanketi, kwa sababu ndiyo sehemu pekee iliyokuwa haina mshono wala sindano.

Nilidhani kazi imekwisha. Nilisahau sista wa upasuaji ana mdomo. Baada ya siku mbili wadi nzima ilijua habari ya nywele na jino, na Gati akaja kusimama mlangoni mwa maabara.

"Wanasema mmetoa mtu kwa tumbo ya bibi ya kijana yangu," alisema. "Mtu na meno. Nani alimweka huko?"

Nilielewa uzito wa swali lile. Kama ni uchawi, au kama ni mwanaume asiyetambuliwa na nyumba, Boke angerudi kwao kesho yake, na ganda la haragwe lisingemsaidia kitu. Bwana Pinto alinyanyuka, akampisha kiti chake, akatoka nje kuvuta sigara, ingawa hakuwa mvutaji.

Nilimweleza kwa maneno ya kawaida. Kwamba mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, na kila moja limeambiwa lingoje. Kwamba mara chache sana, moja huchoka kungoja. Halingoji zamu yake wala mwanaume. Linaanza kujenga mtu peke yake, na kwa kuwa halina mwenzake halijui mpango, linatoa nywele hapa, jino pale, ngozi na mafuta, bila kichwa wala uhai. Wakati ule hayo yalikuwa mawazo ya wataalamu tu, na baadaye yakathibitishwa.

"Bila bwana?" aliuliza Gati.

"Bila bwana, mama. Na bila mchawi. Hakuna aliyemweka. Ni yai moja tu lilikosa subira."

Alifikiri. "Na hiyo zingine?"

Nikamwekea slaidi ya ule ukingo. Ilichukua muda kumfundisha kufumba jicho moja, na mwishowe alilifunika kwa kiganja. Nilijua amefika alipoacha kupumua.

"Hiyo viduara."

"Hayo ndiyo mayai ya Boke. Yamekaa hivyo tangu akiwa tumboni kwa mama yake. Yanangoja."

Hakuondoa jicho. Nje niliwasikia wagonjwa wakipiga foleni ya vikopo, nikawaacha. Gati aliuliza, sauti imeshuka, "Na mimi nilikuwa na hii?"

"Ulikuwa nayo, mama. Kila mwanamke."

"Tangu nikiwa kwa tumbo ya mama yangu."

"Tangu hapo."

"Kwa hivyo kijana yangu alikuwa hapa." Aliweka mkono chini ya kitovu. "Alikuwa anangoja. Hakufikiwa tu."

Ningeweza kunyamaza. Lakini Bwana Pinto hakunilea hivyo. Nilimwambia kwamba yai peke yake si kijana wala msichana. Baba ndiye huleta nusu nyingine, na hiyo ndiyo huamua. "Nusu yake ilikuwepo, mama. Nusu tu."

Aliinua uso kutoka kwenye hadubini. Kulikuwa na alama ya duara imemzunguka jicho.

"Nusu inatosha," alisema. "Wazazi wa Boke niliwaambia niko na kijana. Sasa najua sikuwadanganya."

Aliondoka na Boke kwa basi la Isebania mshono ulipokauka, na hakuna aliyerudishwa kwao. Tukaendelea na kazi. Masika yakaja yakaenda, yakaja tena. Nilipata slaidi nyingine nyingi, nikaanza kufundisha wasichana wengine kunoa kisu, na kila basi la upande ule likifika nilichungulia, kisha nikajiambia nina kazi za kufanya. Ganda la haragwe ni kitu kidogo. Nilianza kuzoea wazo kwamba halikutosha.

Walirudi msimu wa kuvuna mahindi. Boke aliteremka kwa shida, amelishika tumbo kwa mikono miwili, na safari hii lilikuwa tumbo la kweli. Gati alishuka nyuma yake amebeba kapu, akaenda moja kwa moja kwenye benchi lile lile kana kwamba amelilipia. Daktari Moira aliagiza mzazi asitoke hospitalini mpaka ajifungue.

Alijifungua mchana, kwa njia ya kawaida, bila shida ya kuandikia. Mkunga alinituma mimi nje na mtoto, kwa kuwa mimi ndiye niliyejuana na mwenye nyumba, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakutaka kuwa wa kutoa habari ile. Mama aliyengoja mjukuu wa kiume maisha yake yote, aliyemwolea mke kijana ambaye hakuwahi kuzaliwa ili nyumba isimame, alikuwa anapelekewa msichana. Nilitembea pole pole kwenye veranda nikipanga maneno ya kumfariji. Nilikuwa na methali mbili tayari.

"Mama," nilisema, "Boke ni mzima. Ni mtoto msichana."

Gati alisimama. Alifunua blanketi, akamtazama mtoto usoni, kisha akashusha macho pole pole mpaka kwenye kitumbo chake, na hapo yakakaa. Methali zangu zikanipotea. Hakumpokea bado. Alinyoosha mkono wake mkavu, akausogeza mkono wangu vizuri chini ya mgongo wa mtoto.

"Mshike sawasawa," aliniambia. "Huyo amebeba watu."